Kabla Hujasajili Hendla

Masaka, sekta ya wilaya ya Kicukiro upande wa mashariki wa Kigali, ina hospitali, ina kiwanda cha maziwa cha Inyange, na ndiko Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK, ilikopangiwa kuhamia kutoka katikati ya jiji. Penye hospitali huota maduka ya dawa, maabara na zahanati za watu binafsi, na kila moja siku hizi huhitaji programu: ya kuandika mauzo, kutoa risiti ya EBM ambayo Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilianza kuidai mwaka 2013, kupokea malipo ya MoMo, kupunguza dawa kwenye orodha ya ghala. Wengi wa wanaoziandika ni vijana waliojifunza C# au Java chuoni, kisha wakakabidhiwa duka la mtu kama kazi yao ya kwanza. Nawaandikia hao kuhusu sehemu moja ya ufundi wao ambayo hufundishwa kwa haraka na kugharimu kwa muda mrefu: matukio, hendla zinazoyasikiliza, na delegeti zinazoziunganisha pande hizo mbili.

Chukua programu ya duka la dawa. Muuzaji anabonyeza kitufe cha kukamilisha mauzo. Klasi ya Mauzo inatoa tukio, tuliite MauzoYamekamilika, na sehemu nyingine za programu zimekwisha kujisajili: ya kwanza inapunguza ghala, ya pili inatoa risiti ya EBM, ya tatu inamtumia mteja SMS, ya nne inabadilisha jumla ya siku kwenye skrini. Vitabu vitakuambia kwamba uzuri wa mpango huu ni kuwa Mauzo haijui nani anaisikiliza, hivyo unaweza kuongeza msikilizaji wa tano bila kuigusa. Kwenye maandishi ya msimbo hilo ni kweli tupu. Programu inapofanya kazi si kweli, na hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Tukio ndani ya programu moja ni mwito wa metodi kama miito mingine, isipokuwa jina la anayeitwa limefichwa. Chanzo hakimjui msikilizaji, lakini kinamsubiri amalize, kinaangushwa na hitilafu yake, na kinamshikilia kwenye kumbukumbu ya kompyuta hata asipohitajika tena. Kasoro nyingi zinazowatesa waandishi wa programu za matukio hutokana na kudhani wametuma ujumbe, ilhali wameita metodi na wanangoja jibu.

Tuanze na delegeti yenyewe. Ni objekti yenye mambo mawili ndani yake: metodi ya kuitwa, na objekti ambayo metodi hiyo itaitwa juu yake. Katika C# delegeti moja inaweza kubeba orodha ya jozi kama hizo. Ukiandika += ili kusajili hendla, huongezi kitu kwenye orodha iliyopo; delegeti haibadiliki ikishaundwa, kwa hiyo inaundwa nyingine yenye orodha ndefu zaidi na kuwekwa mahali pa ile ya zamani. Tukio linapotolewa, orodha inafuatwa kwa mpangilio wa kusajiliwa, kwenye uzi uleule wa utekelezaji uliotoa tukio, mmoja baada ya mwingine. Usiifikirie kama redio inayotangaza kazi ya pamoja ya umuganda kwa wote kwa mara moja. Ifikirie kama kiongozi wa kijiji, mudugudu, anayepita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya pili ikimchelewesha, ya tatu inachelewa kusikia. Nyumba ya pili ikimfukuza, ya tatu na ya nne hazisikii lolote, naye anarudi alikotoka akiwa amekatizwa kazi. Ukiwa na delegeti inayorudisha thamani, unapewa jibu la wa mwisho tu. Majibu ya wengine yanatupwa kimyakimya. Ukisajili hendla ileile mara mbili, itaitwa mara mbili, na ukiiondoa mara moja inabaki moja. Hakuna hata tabia moja kati ya hizi iliyo kasoro ya lugha. Zote ndizo unazopaswa kuzitarajia ukishakubali kwamba unaita metodi.

Sasa rudi kwenye duka la dawa. Tuseme hendla ya risiti inawasiliana na mfumo wa kodi kupitia intaneti, na intaneti imekatika. Hendla ikikaa nusu dakika ikingoja kabla ya kukata tamaa, kitufe alichobonyeza muuzaji nacho kinakaa nusu dakika, na skrini nzima imeganda, maana yote yako kwenye uzi mmoja. Mgonjwa amesimama, foleni inarefuka. Kisha hendla inarusha hitilafu. Ghala limekwisha kupungua kwa sababu lilikuwa la kwanza kwenye orodha, SMS haikutumwa, jumla ya siku haikubadilika, na hitilafu inaibukia ndani ya Mauzo, klasi isiyojua chochote kuhusu risiti wala intaneti. Ikiwa Mauzo ilitoa tukio kabla ya kufunga muamala kwenye hifadhidata, basi kukatika kwa intaneti kumefuta mauzo ambayo mteja amekwisha kuyalipia. Jambo la kuumiza zaidi ni kwamba kasoro hii inategemea nani alijisajili kwanza, na mpangilio huo huamuliwa na mistari iliyotawanyika katika faili mbalimbali ambayo hakuna aliyeipanga kwa makusudi. Mwenzako akihamisha mstari mmoja mahali programu inapoanzia, tabia ya duka inabadilika.

Ushauri wa kwanza unatoka hapo moja kwa moja. Maliza kazi yako kwanza, ndipo utoe tukio. Klasi inayotoa tukio iwe imekwisha kuweka hali yake sawasawa na kufunga muamala wake, ili hendla yoyote ikianguka, lililofanyika libaki limefanyika. Jina la tukio likusaidie kulikumbuka hili: MauzoYamekamilika ni ahadi kwamba yamekamilika kweli. Na pale ambapo wasikilizaji ni watu usiowajua, kama katika programu inayokubali viongezi vya wengine, usiiite delegeti nzima kwa pamoja. Chukua orodha yake kwa GetInvocationList, uite mmoja mmoja, na kila mwito uuzungushie ulinzi wake, hitilafu ikiandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo pamoja na jina la hendla iliyoanguka. Najua kuna atakayesema kwamba kila hendla inapaswa kujilinda yenyewe. Inapaswa, na waandike hivyo. Lakini sifa iliyotupeleka kwenye matukio ni kwamba chanzo hakiwajui wasikilizaji, na asiyekujua hawezi kukuamini kwamba umejilinda. Chanzo kisiweke uzima wa data yake mikononi mwa wageni.

Wanaotumia Java wasidhani maneno haya ni ya jirani. Toleo la kwanza la Java, la mwaka 1996, lilishughulikia matukio ya skrini kwa kurithi: ulirithi klasi ya kidirisha na kuandika upya metodi yake ya tukio. Mwaka 1997 toleo la 1.1 liliacha njia hiyo na kuleta wasikilizaji wanaojisajili, pamoja na klasi za ndani za kuwaandikia kwa ufupi. Upande wa pili, Anders Hejlsberg, aliyekuwa ameunda Delphi ya mwaka 1995 yenye vielekezi vya metodi, alihamia Microsoft, na mwaka 1998 delegeti zikaonekana katika Visual J++ 6.0, zana ya Java ya Microsoft. Kampuni ya Sun, iliyomiliki Java wakati huo, ilizipinga hadharani ikisema klasi za ndani zinatosha na delegeti zinaichafua lugha. Delegeti zikaingia C# ilipotoka rasmi mwaka 2002, na Java yenyewe ikapata lambda na marejeo ya metodi katika toleo la 8 la mwaka 2014, miaka 16 baada ya ugomvi ule. Ulikuwa ugomvi mkali, lakini ulihusu namna ya kuandika. Msikilizaji wa Java aliyewekwa kwenye orodha na delegeti ya C# iliyowekwa kwenye orodha huitwa kwa mtindo uleule: kwa zamu, papo hapo, kwenye uzi wa mwitaji. Atakayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine ili kukimbia tabia hizi atazikuta zimemtangulia.

Gharama inayofuata ni ya kumbukumbu, na hii huonekana jioni. Nimesema delegeti hubeba objekti inayomiliki metodi. Maana yake, chanzo cha tukio kinamshika msikilizaji kwa rejeo kamili, na mkusanya taka wa C# au Java hawezi kuifuta objekti inayoshikwa na iliyo hai. Muuzaji akifungua dirisha la mteja mpya, dirisha hilo likajisajili kwenye tukio la klasi ya Ghala inayoishi tangu programu kuwashwa hadi kuzimwa, kisha dirisha likafungwa bila kujiondoa, dirisha limetoweka machoni tu. Lipo, na vyote lilivyobeba vipo: orodha ya dawa, picha, jina la mgonjwa. Na si kwamba lipo tu, linaendelea kuitwa. Kila ghala linapobadilika, madirisha yote yaliyofungwa tangu asubuhi yanahesabu upya jumla ambazo hakuna anayeziona. Programu inazidi kuwa nzito kila saa, mwenye duka anaizima na kuiwasha, inakuwa nyepesi, na anaambiwa kompyuta yake ni ya zamani. Hendla iliyosahauliwa ikiwa ni ile ya kutuma SMS, mteja anapokea ujumbe uleule mara tatu. Nasisitiza dalili hizi mbili, uzito unaokua na kazi inayojirudia, kwa sababu zikionekana pamoja, tafuta kwanza hendla zisizoondolewa kabla hujalaumu kitu kingine.

Lakini tuseme kweli kuhusu upande ambao kosa linaelekea, maana wengi wakishaogopa hujaza msimbo wao maondoleo yasiyo na kazi. Chanzo ndicho kinachomshika msikilizaji. Msikilizaji hakishiki chanzo kwa sababu ya kujisajili. Kwa hiyo kitufe kilichomo ndani ya dirisha, kinachosikilizwa na dirisha hilohilo, hakina madhara: dirisha likiachwa, kitufe kinaachwa nalo, na mkusanya taka anavichukua vyote viwili. Hatari iko pale ambapo chanzo kinaishi muda mrefu kuliko msikilizaji, na hatari kubwa kuliko zote ni tukio tuli, lile la klasi yenyewe badala ya objekti, kwa kuwa hilo haliachwi hadi programu izimwe. Swali la kujiuliza unapoandika += ni moja: kati ya hawa wawili, nani atakufa mwisho? Ikiwa ni chanzo, basi palepale ulipoandika usajili, andika na mahali pa kujiondoa, kwa kawaida ndani ya Dispose au metodi ya kufunga dirisha. Aliyesajili ndiye aondoe. Usimwachie mwingine akukumbukie.

Hapa pana mtego wa lambda. Ukijisajili kwa metodi yenye jina, unaweza kujiondoa kwa kuitaja metodi hiyo tena, kwani delegeti mbili zenye objekti moja na metodi moja huhesabiwa kuwa sawa. Ukijisajili kwa lambda uliyoiandika papo hapo, kisha ukajaribu kujiondoa kwa kuandika lambda nyingine inayofanana nayo neno kwa neno, usitegemee kwamba imeondoka; hizo ni delegeti mbili tofauti, na -= isipopata inachokitafuta hailalamiki. Ihifadhi lambda kwenye kigezo kabla ya kuisajili, au tumia metodi yenye jina. Wapo wanaopendekeza dawa nyingine, marejeo dhaifu, ambayo humruhusu mkusanya taka amchukue msikilizaji hata akiwa bado kwenye orodha. WPF, maktaba ya madirisha ya Microsoft, ina kifaa chake cha kazi hiyo. Kinafaa mahali pake, hasa kwenye maktaba ambayo watumiaji wake hawawezi kuaminiwa kujiondoa. Ila mkusanya taka huja kwa wakati wake mwenyewe. Kabla hajaja, dirisha lililofungwa linaendelea kuitwa na kutenda, na ikiwa hendla inatuma SMS, hasara imekwisha kutokea. Marejeo dhaifu yanaokoa kumbukumbu, hayaokoi usahihi.

Tuhamie kwenye nyuzi kwa mfano wa jirani. Sekta yenye kiwanda cha maziwa ni mahali pa kuandika programu ya kufuatilia joto la tangi la kupozea, ile inayosoma kihisi kila dakika na kulia maziwa yakianza kupata moto. Mwandishi anachukua Timer ya System.Timers, anasajili hendla kwenye tukio lake, anasoma kihisi, anaandika joto kwenye skrini. Mambo matatu yanamngoja. Kwanza, tukio hilo kwa kawaida hutolewa kwenye uzi wa bwawa la nyuzi, si uzi wa skrini, na kugusa skrini kutoka uzi mwingine ni kosa. Ni lazima kazi ya skrini irudishwe kwa uzi wake. Pili, kihisi kikichelewa kujibu, tukio linaweza kutolewa tena huku hendla ya kwanza haijamaliza, na hendla moja ikajikuta inafanya kazi mara mbili kwa wakati mmoja. Tatu, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, Timer hiyo hunasa hitilafu za hendla na kuzimeza bila kusema neno. Waya wa kihisi ukikatika, kila dakika hitilafu inarushwa na kila dakika inamezwa, na skrini inabaki ikionyesha joto la mwisho lililosomwa, nyuzijoto 4, huku maziwa yakiharibika. Katika duka la dawa hitilafu ya hendla iliangusha chanzo. Hapa chanzo kimejilinda hadi kimekuwa bubu. Ndiyo maana niliposhauri kuzungushia kila mwito ulinzi, niliambatanisha sharti la kuandika hitilafu. Kumeza bila kuandika ni kubaya kuliko kuanguka, na ninaamini mwandishi wa programu ya tangi anapaswa kuonyesha kwenye skrini saa ya usomaji wa mwisho kando ya joto lenyewe, ili ukimya uonekane.

Nyuzi zikiwa zaidi ya moja, kuna jambo jingine ambalo hata waandishi wazoefu hulisahau. Kwa kuwa delegeti haibadiliki, anayetoa tukio huwa ameshika orodha kama ilivyokuwa alipoichukua. Msikilizaji akijiondoa katikati, orodha mpya haina jina lake, lakini orodha inayofuatwa wakati huo bado inalo. Matokeo yake, hendla inaweza kuitwa baada ya kujiondoa. Alama ya ?. iliyokuja na C# 6 mwaka 2015 ilitupunguzia shida ya tukio lisilo na msikilizaji, kwa kuwa delegeti inasomwa mara moja tu, lakini haikuondoa hili. Hendla ya objekti inayoweza kufungwa iangalie kwanza kama imekwisha kufungwa, na ikiwa ndivyo irudi bila kufanya kitu. Na hendla iliyoandikwa kwa async bila kurudisha kazi ya kungojwa, mtindo uliowezekana tangu C# 5 ya mwaka 2012, nayo ina tabia yake: chanzo hakiisubiri zaidi ya await ya kwanza isiyo na jibu tayari, na hitilafu inayorushwa ndani yake haimrudii mwitaji, bali huweza kuiangusha programu nzima. Ukiandika hendla ya namna hiyo, mwili wake wote uwe ndani ya try.

Je, basi, hakuna tukio lililo ujumbe kweli? Lipo, na mfano bora ninaoujua umekulia katika eneo letu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ulianzishwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich kutokana na kazi iliyokuwa ikifanyika Eldoret, Kenya. Mwaka 2006 ulikuwa ukitumika huko, na mwaka huohuo shirika la Partners In Health likaufikisha Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Ndani ya mfumo huo mmoja kuna njia mbili za kuitikia jambo, na waliouandika hawakuzichanganya. Rekodi inapohifadhiwa, kuna hendla za kuhifadhi zinazoitwa kabla data haijaandikwa, zikipewa objekti yenyewe. Hizo ndizo zinazojaza nani ameunda rekodi na lini, na zikianguka, kuhifadhi kunaanguka nazo, kama inavyotakiwa. Kando yake kuna moduli ya matukio. Hiyo hukusanya mabadiliko, husubiri muamala ufungwe kwa mafanikio, ndipo huyapitisha kwenye foleni ya ujumbe. Msikilizaji huko huitwa kwenye uzi mwingine, na hapewi objekti. Anapewa jina la klasi, kitendo kilichofanyika, na kitambulisho cha rekodi. Akitaka habari zaidi aende hifadhidata akaisome upya. Katika tofauti hiyo ndogo kuna somo zima. Anayeitwa papo hapo anaweza kupewa objekti kwa sababu dunia haijasogea. Anayepelekewa ujumbe apewe kitambulisho, maana atakapoupokea, rekodi huenda imebadilika tena.

Kosa la upande wa pili ni kuuchukua ujumbe wa kweli kana kwamba ni tukio la ndani, na katika Rwanda ya leo kosa hili hufanyika zaidi kwenye malipo. Huduma ya MTN Mobile Money, ndiyo MoMo, ilianza nchini mwaka 2010. Programu ya duka inapoomba malipo kupitia kiolesura chake, jibu la kwanza ni 202, yaani ombi limepokelewa. Pesa haijatoka popote. Mteja anaulizwa namba yake ya siri kwenye simu, anakubali, anakataa, au anaiweka simu mfukoni na kusahau. Matokeo huletwa baadaye kwa mwito wa kurudi kwenye anwani ya seva yako. Kijana aliyezoea hendla za C# huandika hendla ya mwito huo, anafunga mauzo ndani yake, na kuona kazi imekwisha, kwa kuwa kwenye programu yake hajawahi kuona tukio lililotolewa likapotea. Hapa linapotea. Nyaraka za MTN zinasema mwito huo haurudiwi mfumo wako usipoitika, na zinakupa njia ya kuuliza hali ya malipo kwa kitambulisho ulichokituma mwenyewe. Seva yako ikiwa chini kwa dakika moja, mteja aliyelipa anaonekana hajalipa. Kwa hiyo mwito wa kurudi uuchukue kama fununu tu: ukifika, nenda ukathibitishe hali, usipofika kwa muda uliouweka, nenda ukaulize. Na kwa kuwa sasa habari ileile inaweza kukufikia kwa njia mbili, kupitia mwito na kupitia ulizo lako, kufunga mauzo kuwe kitendo ambacho kikifanywa mara ya pili hakibadilishi kitu. Kitambulisho cha malipo kiwekwe kwenye hifadhidata kwa sharti la upekee, na hilo ndilo litakalokulinda, si mpangilio wa hendla.

Mtu makini atanipinga hapa: kama matukio ya ndani yana mizigo yote hii, si bora kila kitu kipitie foleni? Hapana. Foleni ina gharama zake: programu nyingine ya kuendesha, diski ya kujaa, umeme wa kukatika katikati, na swali la mpangilio ambalo halikuwapo. Tena kuna kazi ambazo haziwezi kuwa ujumbe hata ukitaka. Dirisha linapotaka kufungwa na hendla ikahitaji kulizuia kwa sababu kuna mauzo hayajahifadhiwa, jibu linatakiwa sasa, kwenye uzi huu, na ndiyo sababu .NET huipa hendla ya tukio hilo objekti ya maelezo yenye nafasi ya kuandika "ghairi". Kupunguza ghala nako, kwa maoni yangu, hakupaswi kuwa ujumbe wala tukio. Mauzo bila kupunguza ghala si mauzo. Mambo mawili yasiyoweza kutenganishwa yaandikwe kwenye metodi moja, moja likiliita jingine kwa jina, ndani ya muamala mmoja, ili anayesoma msimbo aone. Vijana wengi wameambiwa sana kuhusu kutofungamanisha klasi hadi wanaona aibu kuita metodi waziwazi. Tukio lina maana pale ambapo chanzo hakijali kabisa kama kuna anayesikiliza. Ikiwa kutokuwapo kwa msikilizaji ni kosa, hilo si tukio.

Kwa kipimo hicho, programu yetu ya duka la dawa inajigawa yenyewe. Ghala linaingia ndani ya Mauzo kwa mwito wa wazi. Jumla ya siku kwenye skrini inabaki hendla ya tukio, nyepesi, kwenye uzi wa skrini, na inajiondoa dirisha linapofungwa. Risiti ya EBM na SMS zinatoka kwenye orodha ya delegeti na kwenda kwenye jedwali la kazi zinazosubiri, lililoandikwa ndani ya muamala uleule wa mauzo, na uzi mwingine unazichukua na kuzijaribu hadi zifaulu. Risiti ni takwa la sheria, hivyo jedwali hilo lionekane kwa muuzaji: zipi zimetoka, zipi zinangoja, tangu saa ngapi. Kisha andika majaribio matatu kabla ya kumkabidhi mteja. La kwanza lisajili hendla inayorusha hitilafu kwa makusudi, na lihakikishe mauzo yamebaki kwenye hifadhidata na wasikilizaji waliofuata wameitwa. La pili lifungue na kufunga dirisha la mteja mara 100, kisha lihesabu wasikilizaji waliobaki kwenye tukio la Ghala. Wawe idadi ileile iliyokuwapo mwanzo. La tatu lilete mwito wa malipo uleule mara mbili, kisha lisilete kabisa, na mara zote mbili lidai mauzo mamoja yaliyofungwa. Ikiwa unarithi programu ya mtu mwingine, anza na la pili, kwa sababu ndilo linaloweza kufanyika bila kubadilisha mstari wowote wa msimbo wake, na matokeo yake yatakuambia ni kwa kiasi gani unaweza kuiamini iliyobaki.